Feni inanguruma lakini moshi unabaki chumbani: nilivyoirudisha fyumhudi yetu kazini

Mimi ni fundi sanifu maabara, nipo Kanda ya Ziwa kwenye maabara ndogo ya kupima sampuli za dhahabu. Kazi yetu kubwa ni kuchemsha udongo uliosagwa kwenye akwarejia, yaani haidrokloriki asidi sehemu tatu na naitriki sehemu moja, juu ya hotpleti (jiko bapa la umeme) ndani ya fyumhudi, yaani lile kabati lenye kioo mbele linalovuta moshi na kuutoa nje. Aliyewahi kuifanya hii kazi anaujua ule moshi wa kahawia. Hiyo ni naitrojeni dayoksaidi, na klorini imo humo humo, na ubaya wake ni kwamba ukiivuta unaweza ukakohoa kidogo tu ukaona yameisha ukaenda zako nyumbani, halafu masaa mengi baadaye ndio mapafu yanaanza kujaa maji. Kwa hiyo mtu akiniambia "sisi tumeshazoea" huwa naumia sana, maana mapafu hayana kuzoea.

Nilipohamishiwa chumba cha asidi nilikuta panga boi linazunguka spidi ya mwisho, blowa ya fyumhudi, yaani feni inayovuta ule moshi, inanguruma huko juu ya paa, na bado watu koo linawawasha hadi machozi. Ukiuliza unaambiwa fyumhudi nzima hiyo, si unaisikia inavyolia? Na hapo ndipo wengi tunapoumia, tunasikiliza mlio wakati mlio hauvuti moshi.

Kitu cha kwanza nilichofanya ni kununua udi wa vijiti dukani. Nikahakikisha hakuna kemikali yoyote ndani wala chupa ya solventi karibu (hili usilipuuze, unawasha moto hapo), hotpleti imezimwa na imepoa, blowa inafanya kazi, nikawasha kijiti kimoja nikakipitisha taratibu kwenye mdomo wa fyumhudi, chini, pembeni kulia, pembeni kushoto, juu. Chini moshi uliingia kidogo kwa uvivu. Pembeni uliingia, ukajikunja, ukarudi nje usawa wa kifua changu, yaani pale pale ninapovutia pumzi. Nikamwomba dogo mmoja azime panga boi, moshi ukatulia kidogo, akiwasha tena unatoka. Panga boi likafungwa lisiwashwe tena siku hiyo hiyo, maana upepo wowote unaokatiza mbele ya fyumhudi, iwe feni, dirisha au mtu anayepita haraka haraka nyuma yako, unaichomoa hewa chafu ndani na kuileta usoni.

Lakini udi unakuonyesha hewa inaenda wapi tu, haukwambii inaenda kwa kasi gani. Anemomita, kile kifaa cha kupima kasi ya upepo, hatuna, nikaenda kuwaomba jamaa wa ventilesheni wa mgodini, wale wanaopima hewa chini ya ardhi, wakaniazima na kunielekeza vizuri sana. Kipimo kinachotakiwa kwenye mdomo wa fyumhudi za kawaida ni kama mita 0.5 kwa sekunde, wengi wanakubali kati ya 0.4 na 0.6. Unapima sehemu nyingi kwenye uwazi kisha unatafuta wastani, na kioo cha mbele kinachopanda na kushuka unakiweka kwenye kimo cha kufanyia kazi, kwetu ni sentimita 45 kutoka mezani. Hapa angalia usidanganyike, ukishusha kioo uwazi ukabaki kidogo hewa inapita kwa kasi namba inakuwa tamu, kumbe hufanyi kazi kioo kikiwa hapo. Sisi tulipata 0.2 na kidogo, na pembeni hata huko haifiki.

Wazo la haraka lililotoka kwa wakubwa ni tununue blowa kubwa zaidi. Nikasema subirini kwanza, kwanza kasi ikizidi sana nayo ni tatizo, hewa inaanza kujizungusha mbele ya mwili wako na kuvuta moshi urudi, na pili hii iliyopo hatujaiangalia. Nikamtafuta fundi umeme tukapanda naye paani. Kabla ya kupanda tulimaliza sampuli zote, tukazima swichi ya blowa na kuipiga kufuli, funguo nikaweka mfukoni mwangu, glavu na miwani kila mtu, maana ndani ya bomba la fyumhudi kuna masalia ya asidi.

Mkanda ulikuwa umelegea, hilo tulilitegemea. Ila kubwa lilikuwa lingine. Kwenye ganda la blowa kuna mshale unaoonyesha upande wa kuzunguka, nikashuka nikawasha sekunde chache nikazima, fundi akiwa juu anaangalia puli linapunguza mwendo. Linazunguka kinyume na mshale.

"Dada yangu, ingekuwa inazunguka kinyume si ingepuliza hewa ndani?" fundi akaniuliza.

Swali zuri, na ndilo linalowafanya watu wasigundue. Feni ya mapanga ukiigeuza inapuliza upande wa pili kweli, lakini blowa ya duara ukiigeuza bado inatupa hewa kule kule kwenye mlango wake wa kutokea, ila inatoa kidogo tu kuliko inavyotakiwa. Kwa hiyo inanguruma, inatoa upepo, ukiweka mkono unausikia, na haifanyi kazi yake. Mota ni ya fezi tatu, iliwahi kutolewa kwenda kusukwa upya, na ilipofungwa tena hakuna aliyeangalia mshale. Fundi akabadilisha fezi mbili kati ya zile tatu, akakaza mkanda, tukawasha. Yaani mlio wenyewe ulibadilika. Anemomita ikasoma 0.4.

Iliyobaki ilikuwa ndani ya chumba. Nyuma ndani ya fyumhudi kuna ubao wenye mianya ambayo hewa inapitia, na mbele ya mwanya wa chini zilikuwa zimepangwa chupa za asidi, nyingine kuukuu lebo haisomeki, kama kabati la jikoni. Tukaziondoa zote zikaenda stoo ya kemikali. Hotpleti tukaiinua kwenye vimiguu vya kama sentimita tano ili hewa ipite chini yake, tukaisogeza ndani, na tukabandika utepe mwekundu sentimita 15 kutoka ukingoni, hakuna bika wala chupa inayovuka huo utepe kuja mbele. Halafu hewa ya kuingia. Chumba kilikuwa na mlango unaoziba kabisa, sasa blowa itavuta nini? Tukaweka luva, yaani mianya ya kupitishia hewa, chini ya mlango. Baada ya hapo wastani ukafika 0.5 na udi ukawa unaingia wote, juu, chini, pembeni.

Umeme nao. Huku ukikatika wakati akwarejia inachemka, blowa inasimama lakini hotpleti inabaki na moto na moshi unaendelea kutoka. Utaratibu wetu sasa ni shusha kioo hadi chini, zima hotpleti kwenye swichi, tokeni wote, funga mlango, hakuna shujaa wa kuokoa sampuli. Na fundi akatufungia kontakta, swichi inayowashwa na umeme wenyewe, hotpleti haiwaki mpaka mota ya blowa iwe na umeme. Hiyo haitoshi peke yake maana mkanda ukikatika mota itazunguka tu, kwa hiyo nimebandika ukanda mwembamba wa tishu chini ya kioo, ukiuona umelala ndani endelea, ukining'inia wima acha kazi. Udi tunapitisha kila Jumatatu kabla ya kuanza na anemomita naenda kuazima mara kwa mara, matokeo yanaandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa ubavuni ili mgeni yeyote aone.

Vijana wapya nawaambia pia kwamba fyumhudi inalinda pumzi tu, mkono haiulindi. Profesa Karen Wetterhahn wa chuo cha Dartmouth, Marekani, mwaka 1996 alikuwa anafanya kazi ndani ya fyumhudi, akiwa na glavu za leteksi, yakamdondokea matone machache ya daimethilimakyuri, sumu kali yenye zebaki, yakapenya glavu, na mwaka uliofuata akafariki. Kila kemikali ina glavu yake, uliza kabla.

Juzi kati mteja akataka sampuli zake ziyeyushwe kwa asidi nne, ambayo ndani yake kuna haidrofloriki na perkloriki. Hapo nilikataa na bosi nashukuru alinisikiliza. Mvuke wa perkloriki ukiganda kwenye bomba unaacha chumvi zinazoweza kulipuka, hata siku fundi anapogonga bomba kwa nyundo. Inatakiwa fyumhudi ya kwake peke yake, bomba la kwake, na mfumo wa maji unaoosha kuanzia kwenye blowa hadi nyuma ya ubao. Sisi hatuna. Sampuli zile zilipelekwa maabara nyingine yenye vifaa hivyo, na mlangoni kwetu nimeandika kwa kalamu nene: PERKLORIKI HAIINGII CHUMBA HIKI.