Siku moja maishani mwangu: fundi wa faiba, Kilifi

Watu wakisikia natengeneza mashua za matanga za faiba (nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi, si ya intaneti) hudhani nashinda nikipunga upepo. Haya, karibuni.

Saa 12 asubuhi: chai, mahamri na mbaazi. Saa 1 niko yadi, shati la mikono mirefu, mikono nimeizungushia selotepu vumbi lisipenye. Linapenya vilevile.

Kazi ya leo ni Wayfarer kuukuu, mashua ya Kiingereza ya futi 15 na inchi 10, aliyoichora Ian Proctor mwaka 1957. Za mwanzo zilikuwa za mbao, hii ni ya faiba. Ubao wake wa katikati hupandishwa, kwa hiyo hata maji yakipwa horini inapita. Umbo zuri, sikatai.

Saa 3 nikaanza kuigonga tezi, yaani sehemu ya nyuma ya mashua, kwa mpini wa bisibisi. Pazima panalia ko, ko. Penye usukani palilia pu. Nikatoboa tundu dogo, yakachuruzika maji ya kahawia yenye uvundo: ubao uliofichwa ndani ya faiba umelainika kama majani ya chai.

Saa 4 akaja mwenye mashua.

“Fundi, faiba haiozi. Ziba, piga rangi, Jumamosi nina wageni.”

“Faiba haiozi, mzee. Imeoza mbao iliyo ndani.”

“Hizi zimefika Iceland! Frank Dye alisafiri na moja, mwaka 1963!”

“Ilifika na tezi nzima, mzee.”

Akampigia rafiki yake simu, sauti ameifungulia nisikie. Rafiki, ambaye mashua yenyewe hajaiona, akasema rangi inatosha. Wakaingia kwenye bei ya rangi, wakahamia siasa, wakarudi kwenye rangi. Mimi nimeshika grenda, jua linapanda. Mwishowe nikamwomba atie kidole tunduni, akinuse. Akanusa. Akauliza kama nitapunguza bei, maana ubao wenyewe ni mdogo.

Baada ya hapo saa sikuziangalia tena. Kukata, kukwangua mbao mbovu, vumbi shingoni, msasa, asetoni. Katikati nikaziba ufa ubavuni: kwa joto letu hadna, dawa ya kugandisha gundi, ni kidogo sana, ukizidisha kopo linafuka moshi mkononi hata mkeka wa kwanza wa nyuzi hujaulaza. Hilo hakuna anayelilipia, kwa sababu rangi hulifunika.

Nyumbani nikaoga maji baridi, bila kujisugua. Ukisugua, umezizamisha nyuzi za faiba ngozini na usiku huo hulali.

Ujumbe ukaingia: “Fundi, basi hata Jumapili?”

Nikamjibu kwamba ubao mpya haujanunuliwa, na pesa ya kuununua anayo yeye.