Nilipoukata wosia wangu kwa biki

Wosia wangu niliuandika 2016, mwaka mmoja baada ya kumzika mzee, na tangu hapo ulilala kwenye kopo la biskuti juu ya kabati, pamoja na hati ya nyumba yetu ya Tabata. Mwezi uliopita nikaufungua. Kaka yangu, niliyemtaja kuwa msimamizi wa mirathi, ametangulia mbele ya haki. Kiwanja cha Chanika nilishauza, hela ikaishia kwenye ada ya chuo.

Nikachukua biki. Nikakata jina la kaka, juu yake nikaandika la binti yangu mkubwa. Chanika nikaipiga mstari. Nikarudisha kopo, roho kwatu.

Bahati nzuri nikamwonyesha binti wa jirani, mwanasheria, ana ofisi ya chumba kimoja Kariakoo, juu ya duka la vitenge. Akaishika ile karatasi kwa ncha za vidole kama dagaa walioharibika.

"Mama, nani atajua umekata wewe, au amekata huyu aliyeandikwa hapa juu?"

"Si niliwaambia wote Pasaka, mezani?"

Akacheka. Kwa sheria ya mila ya mwaka 1963, wosia wa mdomo haufuti wa maandishi. Maneno yangu ya Pasaka yaliliwa na pilau.

Jambo dogo, alisema, lingetosha karatasi ya nyongeza, nayo isainiwe na kushuhudiwa kama wosia wenyewe. Langu lilikuwa limechafuka mno. Tukaandika upya, na juu kabisa: "Nafuta wosia wote nilioandika kabla ya huu." Na tarehe.

Kwenye mashahidi ndipo tulipovutana. Wawe wawili angalau, wanaojua kusoma na kuandika, mmoja wa ukoo, mwingine asiye ndugu, wote wakiniona nasaini. Nilimtaka mdogo wangu wa kike, ndiye wa karibu. Mwanasheria akagoma: nimemwachia cherehani, na anayepewa kitu asishuhudie. Cherehani yenyewe ina miaka thelathini! Basi akaja mdogo wangu wa kiume kutoka Gongo la Mboto, na mwenyekiti wa jumuiya.

Ikabaki fotokopi ya ule wa zamani, iliyokuwa kwa shemeji Moshi. Nikampigia airudishe niichane, kwamba nimebadilisha wosia. Kimya. Nikadhani salio limekata.

"Shemeji," akasema taratibu, "madaktari wamesemaje?"