Nilivyotuliza kiungulia huku nikimeza dawa ya presha

Mtu mwenye presha akisikia moto kifuani, aanze na moyo kabla ya tumbo. Nina miaka hamsini na kitu, ninameza dawa ya presha ya amlodipini kila siku, na ninafanya kazi ya usiku katika kiwanda cha mikate Industrial Area, Nairobi. Kiungulia kiliponianza nilikwenda kliniki ninakopimiwa presha nikaomba kipimo cha umeme wa moyo. Kilitoka kizuri. Daktari akauliza kama maumivu yanapanda hadi begani au tayani, kama natoka jasho la baridi, kama nikipanda ngazi yanazidi. Hapana, hapana, hapana. Moto wangu ulikuja nikijilaza, au nikiinama kuinua trei, na uliacha uchachu kooni. Akasema ni asidi inayopanda kutoka tumboni. Akaongeza kwamba dawa za kundi la amlodipini zinaweza kulegeza msuli unaofunga mlango wa juu wa tumbo, ila nisithubutu kuiacha kwa uamuzi wangu.

Kutoka hapo kazi ilikuwa kuchagua dawa ya kununua, na hapa ndipo ninapotaka watu wawe makini. Kwetu mtaani Umoja kila tumbo linalouma huitwa alsa, yaani vidonda vya tumbo, na kila mtu ana kidonge cha kukupendekezea. Kemisti nyingi huuza dawa kwa kukatia: vidonge vinne ndani ya kibahasha cha kaki, juu yake mistari miwili ya kalamu. Mimi huomba kuona karatasi ya vidonge yenyewe, nisome jina la dawa, miligramu na tarehe ya mwisho, kisha naomba jina liandikwe kwenye kibahasha. Sijawahi kukataliwa. Na nataka kuona cheti cha Bodi ya Famasia na Sumu ukutani kabla ya kutoa pesa.

Mfamasia wa pale ninaponunua ni binti mdogo mwenye subira kubwa. Nilimwekea dawa zangu zote kwenye kaunta. "Baba," akaniambia, "hizi dawa za asidi si kitu kimoja. Zipo za kuzima asidi iliyokwisha kutoka, zipo za kupunguza, na zipo za kufunga pampu zinazoitengeneza."

Za kuzima ni kama zile za kalsiamu, magnesiamu au aluminiamu, za kutafuna au za majimaji. Hufanya kazi baada ya dakika chache lakini haziishi muda mrefu, hasa tumbo likiwa tupu. Yenye magnesiamu nyingi huweza kukuharisha, ya aluminiamu hufunga choo, na mgonjwa wa figo asiziguse kabla ya kuongea na daktari wake. Za kupunguza, kama famotidini, huchukua karibu saa moja kuanza lakini hushika kwa saa nyingi. Wengi wa rika langu walizoea ranitidini, ile ya Zantac. Nchini Marekani watengenezaji walitakiwa waiondoe sokoni Aprili 2020 kwa sababu ya NDMA, kemikali inayodhaniwa kuleta saratani. Ukikuta karatasi yake ya zamani kabatini, irudishe kwenye duka la dawa.

Ile ya unga wa povu ndiyo jirani zangu wote waliyonishauri. Nilisoma pakiti. Eno ina sodiamu baikaboneti na sodiamu kaboneti, na ukipiga hesabu, pakiti moja ya gramu 5 inakupa zaidi ya miligramu 800 za sodiamu. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asifikishe miligramu 2,000 kwa siku nzima, na sisi wa presha ndio tunaoambiwa tupunguze chumvi kwenye sukuma wiki. Pakiti mbili usiku mmoja zingeharibu kazi yote ya kula bila chumvi. Gaviscon, dawa nyingine ya kiungulia, nayo ina sodiamu, kwa hiyo mwenye presha aulize kwanza. Mimi nilichukua ya kalsiamu ya kutafuna, kwa usiku wa dharura tu.

Lakini moto wangu ulikuwa unakuja mara nyingi kwa wiki, na kwa hali hiyo mfamasia alinishauri omeprazoli ya miligramu 20, ile ya kundi la kufunga pampu. Hapa saa ndiyo muhimu kuliko kitu kingine. Maelekezo husema imezwe asubuhi kabla ya chakula. Mimi asubuhi ndiyo nalala! Nikamwuliza, naye akanieleza sababu: pampu za asidi huamka mtu anapokula, na dawa inazifunga zile zilizoamka tu. Kwa hiyo mlo wa kwanza baada ya usingizi ndio unaohesabiwa, hata kama ni saa tisa alasiri. Nikaamka, nikameza kapsuli nzima na maji bila kuitafuna wala kuifungua, nikaoga, nikamaliza shughuli ndogo za nyumba, na baada ya nusu saa hivi ndipo nikala. Usitegemee nafuu siku hiyo hiyo, kwa kawaida huchukua siku 1 hadi 4. Na ukiinunua mwenyewe bila karatasi ya daktari, ni siku 14, basi. Hurudii kabla ya miezi 4 kupita, na kama siku 14 hazijakusaidia unamwona daktari. Wanaoimeza miezi na miezi, wakiiacha ghafla asidi huweza kurudi kwa nguvu kwa muda, nao hudhani ugonjwa umezidi.

Dawa za mgongo nazo zilikuwa sehemu ya shida. Kiwandani diklofenaki na ibuprofeni hupitishwa mkono kwa mkono kama peremende. Zote mbili hukwaruza ukuta wa tumbo na zaidi ya hapo hupandisha presha. Sasa mgongo ukiuma natumia parasetamoli. Mlo mkubwa nimeuhamishia kabla ya kwenda kazini, nikirudi alfajiri nakunywa uji mwepesi na kukaa macho saa mbili tatu kabla ya kulala. Miguu ya kitanda upande wa kichwa tumeiinua kwa vipande vya mbao. Chai ya maziwa iliyokolea tangawizi nimeiacha, na kuiacha kumenisikitisha kweli.

Mke wangu alipopata kiungulia naye, alitaka kutafuna vidonge vyangu vya kalsiamu. Anameza vidonge vya madini ya chuma, na kalsiamu huzuia chuma kuingia mwilini. Tukaambiwa atenganishe kwa saa 2 au zaidi. Antibiotiki kama doksisaiklini na siprofloksasini nazo hutenganishwa na kalsiamu, saa zake uliza mfamasia, na dawa ya tezi ya shingo inataka saa 4. Anayemeza klopidogreli kwa ajili ya moyo aulize kabla ya kugusa omeprazoli.

Juzi kijana tunayefanya naye kazi kwenye tanuri alinivuta pembeni. "Mzee, nipe jina la ile dawa yako." Nikamwuliza anajisikiaje. Chakula kinakwama akimeza, suruali zinamlegea, choo kimekuwa cheusi kama lami. Sikumpa jina la dawa yoyote. Damu ikitoka tumboni hugeuka rangi hiyo, na kidonge kingemfichia dalili tu. Nilimwomba msimamizi ruhusa, tukaenda naye hospitali asubuhi ile ile. Alipimwa kwa kamera ya kupitishwa kooni, wakakuta kidonda na bakteria wa Helicobacter pylori. Amepewa antibiotiki pamoja na omeprazoli, na safari hii anaimeza kwa amri ya daktari. Kipimo cha choo cha kuhakikisha bakteria wameisha ni baada ya wiki 4 kupita tangu amalize antibiotiki, na omeprazoli lazima aiache wiki 2 kabla ya kipimo, la sivyo majibu yanaweza kusema bakteria hawapo na kumbe wapo. Tarehe hizo mbili tumezibandika kwenye ubao wa zamu ili msimamizi asimpangie kazi siku ya kipimo.