Nilivyoacha kubananisha mawe kwenye Go

Mi niko Jinja, Go, ule mchezo wa ubao ambao wawili mnapokezana kuweka mawe kwenye makutano ya mistari ili kuzingira eneo, nilianza kuicheza kwa simu, baadaye mimi na jirani yangu wa duka tukachora ubao wa 9 kwa 9 kwenye kipande cha boksi, maharage ndo meusi, mahindi ndo meupe. Nimekulia kwenye omweso, bao la Uganda, pale kete zinazunguka mashimo hadi kichwa kinachoka, sasa huku jiwe ukishaliweka halitembei tena, kwa hiyo zamu ukiipoteza inauma kweli.

Shida yangu ilikuwa uoga wa kukatwa, yaani mpinzani kutenganisha mawe yangu. Akisogea karibu tu naunga, jiwe linagusa jiwe, mwisho nina rundo moja katikati na kona zote kashachukua yeye. Tena nilipenda sana kukunja mawe 3 yawe umbo la kona bila sababu, kumbe hiyo ndo pembetatu tupu inayokatazwa kila siku. Nikakaa nikahesabu mwenyewe pumzi, yaani nafasi tupu zinazogusa mawe, zikiisha mawe yanaliwa: mawe 3 kwenye mstari yana pumzi 8, ukiyakunja yanabaki na 7, na hayajafika mbali.

Kilichonisaidia ni kujiuliza kabla sijaunga: akikata hapa, nina njia ya pili? Kama ipo basi mawe yameshaungana, niende kucheza kwingine. Mawe 2 yakikaa mshazari yana sehemu 2 za kukutania, akiziba moja nachukua ya pili. Halafu kuna fundo la mwanzi, hili nalipenda kuliko yote, unaweka mawili yanayogusana, unaruka mstari mmoja, unaweka mengine mawili yanatazamana nayo, kama miguu minne ya benchi, akichomeka jiwe katikati unajaza nafasi iliyobaki na hakati kitu. Kuna na mdomo wa chui, mawe 3 yamezunguka nafasi moja, akiingia humo unamla zamu inayofuata.

Ila mwanzi nao usiuamini kipofu, uliwahi kunivunjikia kwa sababu pumzi zilikuwa zimeisha, nikijaza nafasi ya pili naliwa kundi zima, nikabaki kuangalia tu. Siku hizi pumzi zikibaki 2 au 3 naunga mapema kwa jiwe la kugusa kabisa, hapo sioni aibu.

Juzi tumechora ubao mpya wa 13 kwa 13, nafasi 169, imebidi tuongeze maharage.