Amepatwa na Haya Tangu Lini?

Wapendwa, Bwana asifiwe. Wiki hii sijatoka kwenye Marko 9:21. Mtoto anagaagaa chini, umati umejaa, na Bwana anamgeukia baba na kumwuliza: "Amepatwa na haya tangu lini?" Baba hakubabaika. Tangu utoto, akasema, na mara nyingi huangukia motoni na majini.

Wangapi kati yetu tungejibu hivyo kuhusu huzuni na hofu za watoto wetu? Hata daktari atauliza: tangu lini, mara ngapi, na imevuruga nini? Huzuni ya siku chache baada ya kugombana na rafiki hupita. Lakini ikiwa huzuni au hasira za karibu kila siku zimefika wiki mbili, usingizi umepaa, chakula hakishuki, mchezo alioupenda ameuacha na masomo yameporomoka, mpeleke kliniki. Mtoto mdogo hasemi ana huzuni. Husema tumbo linauma, asubuhi za shule tu, Jumamosi mzima kabisa. Aliyekuwa mkavu miezi 6 akianza tena kukojoa kitandani, usimchape: apimwe mkojo na sukari, kisha aulizwe kwa upole anaogopa nini. Haya yote yaandike daftarini na tarehe zake.

Mengine hayangoji daftari. Akisema anataka kufa, akijikata, akisikia sauti zinazomwamuru, ni hospitali siku hiyo hiyo. Muulize waziwazi kama amefikiria kujiua. Swali halimpandikizii wazo. Dawa, sumu na nyembe zifungiwe, na asiachwe peke yake hata dakika.

Sasa watumishi wenzangu, mnivumilie. Kumfungisha saumu mtoto ambaye tayari hali chakula si imani! Kumwachisha dawa mwenye kifafa eti ameshaombewa ni kumweka hatarini: dawa ikikatwa ghafla, degedege hurudi mfululizo na laweza kuua. Na nani alitufundisha kumwambia mtoto kwamba huzuni yake ni upungufu wa imani? Eliya, nabii mzima, aliomba kufa chini ya mti wa mretemu. Malaika hakumkemea. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, akamlisha mara ya pili. Tuwaombee watoto wetu, naam, tukiwa njiani kwenda kliniki.

Mkifika, mtaalamu huenda akaomba kuzungumza na mtoto peke yake. Mzazi, toka nje bila kinyongo, na mkirudi nyumbani usimhoji alisema nini.