Siku nilimpelekea baba mkubwa fotokopi Russia

Ilikuwa Aprili 2005, mvua imeshika Kisumu kweli kweli, na baba mkubwa alikuwa amelazwa Russia. Kama wewe si wa huku, Russia ni ile hospitali kubwa iliyokuwa ya mkoa, Wasovieti ndio walitoa pesa ya kuijenga, Mzee Kenyatta akaja kuifungua Oktoba 1969 na siku hiyo watu wakapigwa risasi, mpaka leo wazee wakiitaja wanashusha sauti. Majina rasmi yamebadilika lakini mwambie mtu wa boda "Russia" tu, atakufikisha.

Baba mkubwa alifundisha Kiingereza miaka zaidi ya thelathini, na kitu alichokipenda kuliko hata ng'ombe wake ni nakala za Transition alizonunua Kampala akiwa mwanafunzi Makerere. Rajat Neogy, kijana Mhindi mzaliwa wa Kampala, alianzisha hilo jarida 1961, na baba mkubwa alikuwa akisema kuona Mwafrika anabishana na Mwafrika kwa maandishi, bila bwana mkubwa yeyote kusahihisha, ilikuwa kama mtu amefunguliwa dirisha. Alizifunika na karatasi ya khaki kama vitabu vya shule, pini zimeshika kutu zikachafua katikati ya kurasa, na pembeni kuna biro yake: "kweli!", "hapana!", "muulize nani?" Mimi nilijifunza kusoma maneno magumu kwa hizo nakala, usiku, koroboi ikitoa moshi.

Sasa niko yuni Nairobi nikakutana na kitabu maktaba. Kumbe pesa ya Transition ilikuwa inatoka kwa Congress for Cultural Freedom, shirika lililoanzia Berlin 1950, ofisi yake Paris, na hao hao ndio walilipia ule mkutano wa waandishi Makerere Juni 1962, hao hao wakasaidia Chemchemi, kituo cha sanaa na fasihi pale Nairobi 1963 chini ya Mphahlele, mwandishi wa Afrika Kusini, na nyuma ya hayo yote ni CIA, majasusi wa Marekani. Pesa zilipitishwa kwa wakfu kama Farfield ndio ionekane ni tajiri fulani tu mwenye moyo mzuri. New York Times ilianza kulitoboa 1966, kufika 1967 hakukuwa tena na la kuficha. Nikatoa fotokopi kurasa sita nikapanda basi ya usiku.

Alisoma mwenyewe, miwani imefungwa na uzi upande mmoja, karatasi zikitetemeka kidogo. Alisoma polepole hadi nikatamani ningeziacha Nairobi. Halafu akauliza, "Neogy alijua?"

"Alisema hakujua, Baba. Ilimuumiza sana."

"Na mimi je, nyathina, mwanangu? Hapa pembeni hakuna mtu aliniambia niandike nini."

Sikuwa na jibu, na hili ndilo linaniuma mpaka leo. Hawakuhitaji kumwambia mtu aandike nini. Ilitosha wao kulipia ukumbi na tiketi na karatasi, na kuchagua lugha ya kuingilia. Ule mkutano ulikuwa wa wanaoandika Kiingereza: Achebe alikuwepo, Soyinka, Grace Ogot wetu wa Nyanza, Ngũgĩ akiwa bado mwanafunzi, hata Langston Hughes kutoka Marekani, baba mkubwa alimwona akipita na hakulisahau. Shaaban Robert, na vitabu vyake vyote, hakuwa na kiti, na mwezi huo huo wa Juni akafariki kule Tanganyika.

Na si Wamarekani peke yao. Marika zake wengine walipanda ndege za wanafunzi alizopanga mwanasiasa Tom Mboya wakaenda Marekani, wengine Jaramogi Odinga akawatafutia nafasi Moscow na nchi za mashariki, kila mkubwa alikuwa anatafuta vichwa vya vijana wetu, na vijana walitaka tu kusoma. Baba mkubwa akanyoosha kidole juu, "Na hii dari, nayo nani alilipa?" Hakuwa anacheka. Alikuwa anauliza kabisa.

Tukanyamaza. Mvua kwa madirisha. Halafu akaingiza mkono chini ya mto akatoa nakala moja, ile ya 1963 yenye Obi Wali, Mnigeria aliyewaambia wale wa Makerere kwamba fasihi ya Kiafrika kwa lugha za wazungu haifiki popote. Yaani maneno hayo yalichapwa na pesa ile ile! Ukurasa huo baba mkubwa alikuwa amepiga mstari karibu kila sentensi.

"Nisomee huyu," akasema. "Lakini kwa Kiswahili."

Nikaanza kutafsiri pale pale, napapasa maneno, yeye akinisahihisha macho yamefungwa, na mzee wa kitanda cha pili akageuka akasema nirudie pale mwanzo hajasikia vizuri, nikarudia. Saa ya wageni ikaisha sijamaliza. Nesi akaja, akatuangalia, akapita.