Siku mjomba alipokubali kumwona Holmes

Mjomba wangu alikuwa mwalimu wa Kiingereza sekondari, kastaafu, na kwake Pasua, hapa Moshi, kulikuwa na sanduku la bati limejaa vitabu, humo ndo nilipojifunzia kupenda wapelelezi. Nilianza na Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, yule wa kiko na rafiki yake Najum, nikakimaliza nikarudi kuomba kingine, mjomba akasema haya, sasa nenda kamsalimie kaka yake mkubwa yuko London. Akanipa kitabu hakina jalada kimeshonwa kwa uzi wa gunia, hadithi za mpelelezi Sherlock Holmes. Nilikuwa form two, nilikisoma na kamusi pembeni, ukurasa mmoja jioni nzima, na ukurasa wa kwanza ulikuwa na majina mawili kwa kalamu ya wino, la mjomba na lingine silijui. Sikuuliza.

Sasa mjomba alikuwa na jambo moja hataki kabisa kulijadili, kwamba Holmes anasomwa, haangaliwi. Na si kwamba hapendi tivii, Columbo, yule mpelelezi wa tivii ya Marekani, alikuwa anamwangalia vizuri tu, tena yeye ndo aliniambia lile koti chakavu la Columbo lilikuwa la mwigizaji mwenyewe, Peter Falk, katoka nalo nyumbani kwake. Ila Holmes hapana. Ukimwambia kuna filamu anakukata, "Huyo ana sura yake tayari, sitaki mtu aje kunibadilishia."

2008 nikaanza kupanda Mlima Kilimanjaro kama mgumu, yani mbeba mizigo ya watalii, baadaye wakaniweka na uweita kwenye hema la chakula. Safari moja ya njia ya Machame tulikuwa na mteja mzee wa Kiingereza, tupo kambi ya Barranco, baridi kali, akaniuliza huwa nasoma nini nikiwa nyumbani. Nikamwambia Holmes. Yule mzee akaacha supu ikapoa. Akanambia kijana, Holmes ni Jeremy Brett, hakuna mwingine, na akaanza kunihadithia mpaka wenzangu wakawa wananiita nikachukue vyombo. Kwamba Brett alimcheza kwenye tivii kuanzia 1984 hadi 1994, vipindi 41, kwamba watengenezaji waliandaa kabrasha zima la tabia za Holmes kutoka vitabuni, anakula nini, anakaaje, anashikaje kiko, na Brett alikuwa analitumia kweli kweli, hataki mtu abadilishe hovyo maneno ya Conan Doyle, mwandishi wa hadithi zenyewe, na hata namna ya kusimama wakaifuata kwenye zile picha alizochora Sidney Paget enzi hizo hadithi zinatoka gazetini. Alivyokuwa anaongea ungedhani anamzungumzia ndugu yake. Mwaka uliofuata akaja rafiki yake kupanda, kanibebea boksi la DVD, zawadi.

Basi Desemba 2009, Jumamosi, nikaazima deki kwa jamaa mmoja Majengo, nikaitia kwenye mfuko wa rambo pamoja na boksi, huyo Pasua. Mjomba alivyoona tu lile boksi akajua. Hakunifukuza lakini. Akavuta kiti akakiweka nyuma kabisa karibu na mlango, akafungua gazeti, "Nyie angalieni, mimi nasoma." Anti akakaa na mimi mbele kwenye mkeka, tivii yenyewe chogo ya inchi 14, akasema unitafsirie kila kitu usiruke.

Nikaweka ile Holmes anayopambana na adui yake mkubwa, Profesa Moriarty. Jamani. Mimi nilikuwa nimeshaisoma labda mara tano lakini sikuwa nimewahi kuona mtu anafikiri, yani unaona kabisa wazo linapita usoni halafu linaondoka, tabasamu lake linawaka sekunde moja na kuzimika, mikono haitulii afu ghafla inatulia tuli. Na yale maporomoko ya Reichenbach wanapopambania walienda kuchukulia palepale Uswisi, sio kwamba walitengeneza ya uongo, maji yale unayasikia kifuani. Mimi natafsiri sauti inanikauka. Nyuma yetu gazeti halijageuzwa ukurasa hata mmoja, nilikuwa nasikilizia.

Inapofika Watson, yule rafiki yake Holmes, anarudi mbio pale juu hakuna mtu, kuna barua tu ya Holmes, anti akashika mdomo, "Kafa?"

Sauti ya mjomba kutoka nyuma, "Subiri."

Nikaweka inayofuata, ile ya nyumba tupu. Dakika za mwanzo tu nasikia kiti kimeburuzwa. Mjomba kasimama. "Watson yuko wapi?" Nikasema mjomba si huyo hapo. Akasema huyo sio Watson, Watson wa mwanzo kaenda wapi? Na kweli, walikuwa wamebadilisha. Yule mzee wa Barranco alishaniambia, wa kwanza aliitwa David Burke, aliondoka kwenda kuigiza jukwaani kwenye kampuni ya Royal Shakespeare pamoja na mke wake ili wawe karibu na mtoto wao, ila hakuondoka hivi hivi, yeye mwenyewe ndo akampendekeza Edward Hardwicke achukue nafasi. Nikamweleza hayo yote. Mjomba akasema taratibu, "Mtu habadilishiwi rafiki." Nikajua ndo basi, anatoka nje.

Hakutoka. Alibaki kasimama vilevile, gazeti mkononi limekunjwa.

Akaingia yule mzee muuza vitabu, mgongo umepinda, vitabu kwapani, anamwambia Watson anunue vitabu ajazie kabati lake kuna nafasi. Watson anageuka kuangalia kabati. Anageuka tena, mzee hayupo, kasimama Holmes. Watson akazimia. Na pale anapozinduka, kabla hajasema kitu, Hardwicke anamwangalia mwenzake kama mtu anayeogopa kupepesa macho asije akampotea tena, mimi nimeshawaona Holmes wengi tangu hapo, Cumberbatch ni hodari na Downey naye ana vituko vyake, lakini sijaona mwigizaji aliyenionyesha kwamba Holmes anapendwa na mtu, na aliyenionyesha sio Holmes mwenyewe, ni huyu Watson wa pili.

"Rudisha," mjomba akasema.

Nikarudisha. Mzee wa vitabu, kabati, Holmes, Watson chini.

"Rudisha tena."

Mara tatu. Ya tatu alikuwa ameshakuja mbele, kakaa na sisi kwenye mkeka, kitu ambacho sijawahi kumwona akifanya. Hata anti aliacha kuniuliza tafsiri.

Ndo akasema. Alikuwa na mwenzake shule aliyofundisha, mwalimu wa hesabu, mrefu, mwembamba, pua kama hiyo, na kitabu kile walinunua wote wawili kwa kuchangia, majina yote mawili ndo yale. Mtu yule anaweza kumsimamisha mwanafunzi getini akamwambia wewe jana hukulala hosteli, umelala kwa bibi yako Uru, udongo mwekundu huo kwenye soli sio wa huku. Walimu wakawa wanamwita Holmes, na mjomba wanamwita Watson, na wao wakaitana hivyo hivyo. 1986 akahamishiwa Mwanza. Miezi michache baadaye ikaja barua kwamba ameugua na ameshazikwa, barua ilikaa njiani wiki tatu.

"Watson alisubiri miaka mitatu," akasema. "Mimi ishirini na tatu." Afu akaonyesha tivii kwa kidole, "Anatembea hivyo hivyo."

Hakuna aliyeongeza neno. Anti akainuka akaenda kuleta mtori, tukala tukiangalia kipindi kilichofuata, na mjomba akawa anamwambia anti yeye mwenyewe nini kinasemwa, kwa sauti tofauti kwa kila mtu, ya Watson anaitoa polepole, mimi sikutafsiri tena usiku ule. Mimi hamu yangu mpaka leo ni kumpata mwigizaji wa namna hiyo kwa Bwana Msa, mtu atakayekaa na vile vitabu mpaka ajue mzee yule anashikaje kiko na anamtazamaje Najum akikosea.

Asubuhi nafunga deki niirudishe, mjomba yuko kibarazani ananawa uso. Akaniuliza bila kugeuka, "Anko, hiyo kitu lazima iondoke leo?"

Nikapiga simu Majengo nikamwambia jamaa naomba mpaka Jumatano, nitamlipa.